Kabla Hujauza Kiwanja Uende Guangzhou

Mdogo wangu, najua namna wazo hili linavyomwingia mtu. Una miaka 23, au 27. Umemaliza chuo na maombi yako ya kazi hayajibiwi, au una kibanda Kariakoo, Eastleigh au Owino, na kila boksi unalofungua limeandikwa maneno usiyoweza kuyasoma. Siku moja unajiuliza: kwa nini nisiende nikakae huko huko mzigo unakotoka? Mtaani kwenu kuna mama ambaye mwanawe yuko China na amemjengea nyumba. Mama yako ameanza kumtaja kijana huyo wakati wa chakula cha jioni, na kile kimya kinachofuata unakielewa. Halafu kuna kiwanja cha familia, na kuna mtu ameshakitolea bei.

Nimeishi Guangzhou miaka kadhaa. Nimewapokea vijana uwanja wa ndege wa Baiyun wakiwa na sanduku moja na namba ya simu ya mtu asiyepokea. Nimewasindikiza wengine wakirudi nyumbani, baadhi wakiwa na kontena njiani baharini, baadhi hata bila nauli ya teksi kutoka uwanja wa ndege. Naandika ili uamue ukiwa unajua. Msimamo wangu nausema sasa hivi: Guangzhou ni mji wa kwendea jambo moja, kwa muda unaoujua, kisha ukatoka. Sijaona kijana wa kwetu aliyefanikiwa pale kwa kuhamia tu, akingoja maisha yajipange yenyewe.

Mji utakaoukuta

Sensa ya China ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 18 katika Guangzhou. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 5 na laki tatu na ushee katika Dar es Salaam. Kwa hiyo chukua Dar tatu, ziunganishe, ziongezee nyingine nusu, upitishe Mto Zhujiang katikati, halafu chini ya yote hayo utandaze reli za metro zenye urefu wa kilomita zaidi ya 600. Metro ni nafuu na haichelewi, na kwa mtu aliyezoea kusimama saa nzima Mbagala akisubiri daladala, wiki ya kwanza inaweza kumlevya kwa furaha. Mji ni salama usiku. Binti anaweza kutoka kazini saa sita usiku akatembea hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Hili ni jema kubwa.

Joto lake hutalilalamikia kama umetoka pwani, ila mwezi wa tatu na wa nne unyevu huwa mwingi hadi kuta za vyumba zinatoa jasho na nguo hazikauki wiki nzima. Kinachowashangaza wengi ni baridi ya Januari. Nyumba za kusini mwa China hazina mfumo wa kupasha joto, kwa hiyo baridi ya nje inaingia nawe ndani na kulala nawe. Nenda na sweta.

Waafrika wamejikusanya sehemu mbili. Ya kwanza ni Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, kuzunguka jengo la Tianxiu na mitaa membamba ya Dengfeng nyuma yake. Ya pili ni Sanyuanli na barabara ya Guangyuan Xi, karibu na stesheni kuu ya zamani ya reli. Hapo utapata ugali, utapata msusi, utasikia Kilingala, Kihausa, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili ndani ya lifti moja. Waislamu wana msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe kabisa nchini China, na ule wa Xianxian wenye kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa huko yanasema ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wakatoliki wana kanisa kuu la mawe barabara ya Yide, ambako misa ya Kiingereza Jumapili hujaa Waafrika. Huko utapata ndugu kabla hujapata kazi, na kuna siku ndugu hao watakufaa kuliko kazi.

Lakini usiupime mji kwa kumbukumbu za waliokuwepo mwaka 2012. Aprili 2020, serikali ya jiji ilipotoa hesabu, ilitaja Waafrika 4,553 tu waliokuwa wakiishi Guangzhou. Zamani walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Baadhi ya maduka uliyosimuliwa yamefungwa, na binamu wa rafiki yako aliyekuwa akipokea wageni huenda sasa yuko Dubai au Istanbul.

Viza ndiyo nyumba yako

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu wengi wanaanguka hapa na wanaanguka mapema.

Ukihama kutoka Mbeya kwenda Dar, unaweza kufika bila mpango, ukalala kwa shangazi, ukauza maji, na mwaka wa pili ukapata njia. Mji wa nyumbani unakuruhusu kushindwa polepole. Guangzhou haina ruhusa hiyo. Muda wako umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya pasipoti, na ukiisha, kila kitu ulichojenga kinakuwa juu ya mchanga.

Viza ya biashara huandikwa herufi M. Inakuruhusu kununua, kutembelea viwanda, kukutana na wauzaji. Haikuruhusu kuajiriwa. Isome kwa makini, maana ina tarehe ya mwisho ya kuingia na, pembeni, idadi ya siku za kukaa kila unapoingia. Watu wameona viza ya mwaka mzima wakadhani wana mwaka, kumbe kila safari walipewa siku 30. Kutoka na kuingia tena ni nauli, na nauli hiyo hula faida ya mzigo mdogo wote.

Viza ya masomo ya muda mrefu ni X1. Viza ya kazi ni Z. Zote mbili zinakutaka, ndani ya siku 30 baada ya kuingia, uende kuomba kibali cha kuishi. Mwanafunzi anayetaka kazi ya muda lazima apate idhini ya chuo na ya idara ya uhamiaji kwanza. Kibali cha kazi kwa kijana wa kawaida huhitaji shahada na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, pamoja na kampuni iliyo tayari kukuombea. Na ile ndoto ya kufundisha Kiingereza, ambayo kila mwaka mtu huniuliza: kwa kanuni, mwalimu wa lugha ya kigeni anatakiwa afundishe lugha ya mama ya nchi yake. Mtanzania au Mkenya atasikia "ndiyo" kutoka kwa chekechea isiyo na kibali cha kuajiri wageni, atalipwa mkononi, na siku polisi wakija yeye ndiye atakayeulizwa karatasi. Faini ya kufanya kazi bila kibali ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito kuna kuwekwa ndani kati ya siku 5 na 15.

Sheria ya kuingia na kutoka China iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inasema pia kwamba usipolala hotelini, lazima ujiandikishe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 tangu ufike nyumba hiyo. Wewe mwenyewe, au mwenye nyumba aliyekulaza. Hotelini wanakuandikisha wenyewe. Ukilala kwa rafiki, nenda kesho yake asubuhi na pasipoti yako na mkataba wake wa pango. Ukihama chumba, nenda tena. Karatasi ndogo utakayopewa itunze kama cheti cha kuzaliwa, kwani itadaiwa kila unapoomba kitu. Pasipoti tembea nayo, kwa sababu ukaguzi wa mitaani Xiaobei na Sanyuanli ni jambo la kawaida.

Kupitiliza viza kunatozwa faini ya yuan 500 kwa kila siku hadi kufikia 10,000, au kufungwa siku 5 hadi 15, na hata kurudishwa nyumbani. Lakini faini si sehemu mbaya zaidi. Nimeishi jengo moja na kijana aliyepitiliza. Alikuwa mchapakazi, mwenye adabu, fundi mzuri wa simu. Hakutoka mchana. Alipougua tumbo alivumilia siku nne kwa sababu hospitali wangeomba pasipoti. Wenye mizigo walimlipa nusu ya haki yake wakijua hawezi kushtaki popote. Uhuru alioufuata maelfu ya kilomita aliupotezea ndani ya chumba chenye dirisha moja, na ilimchukua miaka miwili kujitoa.

Ndoa nayo usiihesabu kama njia ya mkato. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mchina hupata kibali cha familia, ambacho peke yake hakimruhusu kuajiriwa. Kuomba ukaazi wa kudumu kwa njia hiyo kunahitaji ndoa ya miaka mitano na kuishi China miaka mitano mfululizo, si chini ya miezi tisa kila mwaka, ukiwa na makazi na kipato cha uhakika. China haitambui uraia pacha, kwa hiyo hata mtoto wenu itabidi mchague awe wa wapi. Penda kwa sababu unapenda.

Kazi ya winga imebadilika

Kariakoo, winga ni kijana asiye na duka anayekimbia duka hadi duka kumtafutia mteja bidhaa, akaishi kwa cha juu. Watu wa kwetu wengi waliotangulia Guangzhou waliishi kwa kazi hiyo hiyo, ila kwa dola. Mfanyabiashara alishuka Baiyun bila neno moja la Kichina. Winga akampokea, akampeleka hoteli ya Xiaobei, kesho yake wakaenda Baima kwa nguo, Zhanxi kwa viatu na saa, soko la Zhongda kwa vitambaa, barabara ya Yide kwa midoli na vifaa vya shule, hadi Foshan kwa samani na vigae. Akapatana bei kwa kalkuleta, akatunza mzigo, akasimamia upakiaji. Mteja alimlipa, na mara nyingi mwenye duka naye alimpa chake pembeni. Ilikuwa kazi yenye heshima na ilisomesha watoto wengi huku nyumbani.

Ililipa kwa sababu taarifa zilikuwa adimu. Sasa muuzaji wa Baima anamtumia mwanamke wa Kariakoo video ya gauni kwa WeChat, anamtajia bei, na mzigo unapokelewa na wakala mwenye ghala Guangzhou na ghala jingine Dar. Anachagua, analipa, anasubiri mwezi au mwezi na nusu. Wachina nao wamekuja wenyewe. Januari 2023 duka kubwa la China Square lilifunguliwa Nairobi, na wafanyabiashara wa Kenya wakaandamana kwa sababu hawakuweza kushindana na bei zake. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za rejareja na jumla isipokuwa maduka makubwa na vituo maalumu, kutengeneza simu na uwakala wa fedha za simu. Amri ya serikali inaweza kufunga duka. Siri ya bei ikishatoka haifungiki tena.

Kwa hiyo, mtu akikuambia njoo, kazi ya kuwapokea wateja ipo, muulize ana wateja wangapi mwaka huu, na kama yuko tayari kukugawia hata mmoja.

Kilichobaki ni kazi ambayo simu haiwezi kuifanya. Mtu wa kusimama kiwandani akafungua katoni ya hamsini, si ya kwanza tu, kabla mteja hajamalizia malipo. Viwanda vingi hutaka asilimia 30 ya kutangulia na 70 kabla ya kupakia, na mteja aliyewahi kupokea kontena la majiko yenye kutu anajua thamani ya jicho linaloaminika katikati ya malipo hayo mawili. Mtu anayesoma mkataba wa Kichina na kuona kipengele kinachokosekana. Mtu anayejua nini TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wanadai katika ukaguzi wa kabla ya kusafirisha, akamwambia mteja mapema. Fundi aliyejifunza mashine za kufungasha, au za kushona, au za kusindika, mahali zinapotengenezwa, akarudi nazo nyumbani na kuwa peke yake katika mkoa mzima anayeweza kuzitengeneza. Ukiniuliza mimi, hiyo ya mwisho ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kwenda. Bidhaa zinakuja zenyewe kwa meli. Ujuzi lazima uufuate na mwili wako.

Masomo ni mlango mwingine halali na mzuri. Guangzhou ina vyuo vikuu vizito: Sun Yat-sen, kilichoanzishwa 1924, Jinan, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kusini mwa China, na vya udaktari. Ufadhili wa serikali ya China upo na vijana wetu wanaupata kila mwaka. Ila uombe kwa sababu unataka kusoma kitu hicho. Anayetumia chuo kama mwavuli wa kufanyia biashara huishia kukosa mahudhurio, chuo kinaondoa jina lake, na viza inakwenda na jina.

Maneno magumu mawili

Kwanza, mzigo wa mtu. Chini ya sheria ya jinai ya China, kuingiza gramu 50 au zaidi za heroini kunaadhibiwa kwa miaka 15, kifungo cha maisha, au kifo. Watanzania wamo katika magereza ya Hong Kong na China bara kwa sababu ya dawa za kulevya, na Padre John Wotherspoon, mhudumu wa wafungwa Hong Kong, alitumia miaka kueneza barua za wafungwa hao wakiwasihi vijana wa nyumbani wasikubali. Wengine walijua wanachobeba. Wengine waliambiwa ni unga wa muhogo, ni dawa za mama, ni sanduku tu la dada aliyeko Xiaobei. Usibebe kifurushi ambacho hukukifunga mwenyewe, hata kama ni cha mchungaji wako.

Pili, dada zangu. Ukiahidiwa kazi ya saluni, hoteli au kulea watoto, na anayekuahidi atalipa tiketi na viza halafu "mtakatana huko", simama. Mabinti kutoka Tanzania, Uganda na Kenya wamefika wakanyang'anywa pasipoti, wakaambiwa deni ni maelfu ya dola na kazi ya kulilipa ni ya mwili. Dalili ni zile zile kila mara: deni lisiloandikwa, viza ya M kwa kazi ya kuajiriwa, na kuambiwa usimweleze mtu. Mweleze mtu. Kama umeshafika na umenasa, Uganda na Tanzania zina ubalozi mdogo Guangzhou kwenyewe, na huhitaji pasipoti mkononi ili kuingia.

Aprili ya 2020

Siwezi kukushauri kuhusu mji huu nikaruka mwezi ule. Hofu ya korona iliwaangukia Waafrika. Watu waliokuwa na mikataba halali na kodi waliyokwisha kulipa walitolewa vyumbani, hoteli zikawakataa, wengine wakalala barabarani chini ya madaraja na masanduku yao. Walipimwa na kuwekwa karantini hata wasiosafiri kwenda popote. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing walimwandikia barua waziri wa mambo ya nje, Wang Yi, kulalamika. Baadaye serikali ya mkoa wa Guangdong ikatangaza hatua za kupinga ubaguzi.

Nilikuwa na majirani Wachina walioniachia chakula mlangoni majuma yale, na siwasahau. Lakini nilijifunza kwamba haki yangu ya kukaa mahali pale inaweza kuyeyuka kwa usiku mmoja, na hakuna shangazi wa kukimbilia. Katika siku za kawaida utakutana na mambo madogo zaidi: kiti cha metro pembeni yako kubaki wazi, bibi kizee kukugusa nywele, dalali kukuambia mwenye nyumba hapangishi "watu weusi". Wengine yanawapita. Wengine yanawala polepole. Jijue wewe ni wa aina gani kabla hujakata tiketi, maana hakuna aibu katika jibu lolote.

Pesa, na watu wa nyumbani

Sitakutajia bei za vyumba, kwa kuwa zinabadilika. Nitakupa namna ya kuhesabu. Mwenye nyumba kwa kawaida anataka amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi wa kwanza, kwa hiyo siku ya kuingia unatoa kodi ya miezi mitatu. Ongeza haki ya dalali. Ongeza miezi sita ya chakula na usafiri ukichukulia kwamba hutaingiza hata senti. Ongeza akiba ya hospitali, kwa sababu pale unalipa kwanza ndipo unatibiwa. Kisha weka nauli ya kurudi mahali ambapo hutaigusa, ikiwezekana kwa mtu mwenye roho ngumu kuliko yako. Kama jumla hiyo inapatikana kwa kuuza kiwanja tu, basi bado hujawa tayari. Kiwanja ndicho utakachorudia mambo yakienda mrama. Wala usikimbilie mkopo wa kikoba: kikoba kina wanachama, na wanachama wana majina na watoto.

Huko kila kitu hulipwa kwa simu, WeChat au Alipay, hata mboga za kando ya barabara. WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki kwa mtandao wa kawaida, kwa hiyo waambie wa nyumbani wapakue WeChat kabla hujaondoka. Na usikubali kamwe pesa ya mtu usiyemjua ipitie akaunti yako, hata kwa dakika tano na kwa asante nono. Polisi wakifuatilia pesa ya utapeli, akaunti zote ilimopita hufungwa, na mtaji wako unakwama humo kwa miezi.

Kaa chini na familia mapema. Kwetu, "yuko China" maana yake ana kontena. Waambie mwaka wa kwanza hakutakuwa na kitu, utaje na kiasi: hakutakuwa na ada ya mdogo wako, hakutakuwa na bati. Vijana wengi niliowaona wakipitiliza viza hawakuwa wakaidi. Waliogopa kurudi mikono mitupu kwa mama waliyemwahidi, na woga huo ukawaweka kizuizini kabla polisi hawajawakamata.

Jipime kwanza

Nenda Kariakoo ukafanye kazi na muagizaji, hata kama ni ya kuhesabu katoni na kulala ghalani. Kama uko Nairobi, nenda Eastleigh. Kaa miezi sita. Utajifunza CBM ni nini na kwa nini godoro ni mzigo ghali kusafirisha, utaona mteja anavyolia mzigo ukikwama forodhani, na utagundua kama kazi hii unaipenda au ulipenda picha tu. Jioni soma Kichina. Taasisi ya Confucius ipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na ipo Dar es Salaam na Dodoma tangu 2013. Lenga ngazi ya tatu ya HSK, mtihani wa Kichina, kabla ya safari. Watu watakuambia Guangzhou wanaongea Kikantoni. Ni kweli, wazee na wenyeji wanakiongea, lakini Kichina sanifu kinaeleweka kila soko, na wauzaji wengi wenyewe wametoka mikoa mingine, wageni kama wewe.

Baada ya miezi sita, andika majina ya watu watano watakaokukabidhi pesa ya oda yao ya kwanza bila kubembelezwa. Majina, na kiasi. Ukifika wawili, endelea kufanya kazi Kariakoo. Ukifika watano, nenda ukaangalie.

Nasema ukaangalie. Maonyesho ya biashara ya Canton, yaani ya Guangzhou, yamekuwepo tangu 1957, na sasa hufanyika mara mbili kila mwaka Pazhou, kusini mwa mto. Ya masika huanza 15 Aprili na ya vuli 15 Oktoba, kila moja kwa awamu tatu: ya kwanza vifaa vya umeme na mashine, ya pili vyombo vya nyumbani na zawadi, ya tatu nguo, midoli na vyakula. Mnunuzi wa nje hujisajili mtandaoni, na mwaliko wa maonyesho husaidia maombi ya viza ya M. Hoteli hupanda bei siku hizo, basi lala mbali na Pazhou na utumie metro. Kaa wiki tatu. Siku tano zitoshe kwa maonyesho, na zilizobaki tembea masoko, tembelea viwanda viwili vya kitu unachotaka kukijua maisha yako yote, panda basi hadi Foshan peke yako na urudi bila kumpigia mtu.

Jioni nenda Xiaobei, kituo kiko mstari wa 5 wa metro. Kula palipo na watu wa kwetu, uzungumze nao. Usiwaulize wanaingiza kiasi gani, kwa sababu watakupa jibu wanalowapa nyumbani. Muulize kila mmoja ana viza gani na inaisha lini, mara ya mwisho kumwona mama yake ilikuwa mwaka gani, na akiondoka mwezi ujao ataondoka na nini anachokijua ambacho hakukijua alipofika. Wengine watacheka, wengine watageuza mazungumzo. Kama yupo atakayenyamaza kidogo kisha akaanza kujibu, agiza chai nyingine, usiangalie saa.